Damu ya Kawaida ya Simbilisi wa Maniema

Odile hajawahi kumheshimu simbilisi. Mnyama gani huyo, husema, mdogo kuliko sungura, hana mkia, hana akili, hana hata sauti ya maana. Kazi yake ni kutafuna majani na kuzaa, kuzaa na kutafuna majani, na Mungu alimuumba kwa kipimo cha sufuria. Ukimwuliza kwa nini basi ametumia zaidi ya nusu ya maisha yake kuwalisha, atakutazama toka kichwani hadi miguuni, atasonya, halafu atainama aendelee kukata majani. Hapo ujue umeshajibiwa.

Kindu nzima inamjua kwa kusonya huko. Akitokea sokoni na furushi lake la majani kichwani, wauza samaki hushusha bei kabla hajauliza, kwa kuwa wanajua atakayoyasema juu ya samaki wao na juu ya malezi yao. Lakini mwanamke huyu mwenye ulimi wa pilipili aliwahi kutii mara moja maishani, akatii kwa adabu zote za mke mwema, na tangu hapo hakuna mtu anayemdharau kama anavyojidharau mwenyewe.

Mumewe ni Okito, mtu wa Kibombo, laborantini wa maabara ya chuo kimoja cha uuguzi kilichokuwa karibu na mto. Odile alimpenda kwa ajili ya koti lake jeupe. Halifichi hilo. Alikuwa binti wa kuuza ndizi, na siku alipoanza kusalimiwa kama mke wa laborantini alinyoosha shingo, akaacha kujibu salamu za wauza ndizi wenzake. Leo akikumbuka shingo ile anataka kuikunja kwa mikono yake.

Mkuu wa maabara alikuwa Dokta Soudi, mtu wa tumbo na hotuba. Pale nyuma ya chuo walifuga simbilisi kwa ajili ya kujaribia dawa, na Dokta Soudi aliona jambo ambalo, tuseme ukweli, lilikuwa la maana. Huwezi kusema mnyama amepungukiwa na damu kama hujui anakuwa na damu kiasi gani akiwa mzima. Vitabu vilivyokuwa kabatini vilieleza simbilisi wa Ulaya, waliolelewa Ulaya na kula majani ya Ulaya. Nani alikuwa amewahi kuhesabu chembe za damu za simbilisi wa Maniema? Hakuna. Basi zihesabiwe, chembe nyekundu na chembe nyeupe, kwa wanyama wote, mara tatu kila mmoja, ipatikane kawaida yao. Okito akapewa kazi hiyo, akaipokea kama mtu aliyepewa ufunguo wa mji.

Kisha vita vikafika. Dokta Soudi, aliyekuwa akiwahimiza wanafunzi kufia sayansi, alipanda ndege ya mwisho pamoja na friji yake. Kabla ya kupanda alimshika Okito bega, akamwambia kazi isisimame. Maneno ya mtu mwenye mguu mmoja kwenye ngazi ya ndege, na Okito akayabeba kama wosia wa baba yake mzazi.

Waasi walipoingia mjini waliisafisha maabara ile vizuri kuliko mfagiaji yeyote aliyewahi kuajiriwa pale. Walichukua magodoro, mapazia, mabati na mlango. Mikroskopi haikuonekana, maana Okito alikuwa ameifukia ndani ya gunia la mihogo mikavu na kuivusha hadi kwake. Simbilisi nao alikuwa ameshawahamisha, wakiwa kwenye vikapu vilivyofunikwa kwa vitenge vya Odile, vitenge vya harusi ambavyo havikurudi tena kuwa vitenge.

Wakawekwa wapi? Jikoni, nyuma ya nyumba, kama simbilisi wa watu wote. Mama Muhindo, jirani yao, mke wa Kasereka mwenye duka, alikuwa amekuja kutoka Butembo na simbilisi wake walilala jikoni pembeni ya mafiga, kama walivyolala wa mama yake. Hata Odile, pamoja na dharau zake, alijua kwamba simbilisi akipigwa na baridi anakufa. Kwa hiyo aliwatengea kona ya ndani kabisa, akaacha moto uwake mchana na usiku, na akafunga mlango, kwa kuwa wanyama wale wakisikia hatua za mtu hupiga kelele za kuomba majani, na askari waliokuwa wakipita hawakuwa watu wa kusikia sauti ya nyama wakaendelea na safari. Yeye mwenyewe akiingia mle alitoka akikohoa na macho yamekuwa mekundu. Aliona ni gharama ndogo ya kuwa mke wa mtu mkubwa.

Ulikuja wakati ambao mji ulizingirwa. Mwenye kuvuka mto kwenda shambani kwake aliweza kuuawa na walioko msituni kwa kosa la kutoka mjini, na akirudi aliweza kuuawa na walioko mjini kwa kosa la kutoka msituni. Treni ilikuwa imesahaulika. Mihogo ilioza ardhini ng'ambo ya pili huku watu wakiitazama kwa macho. Waliokuwa na mbuzi waliwala, waliokuwa na kuku waliwala, na Mama Muhindo akawala simbilisi wake mmoja baada ya mwingine, akabakiza wawili wa mbegu. Nyumbani kwa Okito kulikuwa na jiko zima la nyama inayotembea, na watu wake wakila sombe, majani ya muhogo, bila mafuta na bila chumvi.

Okito alikuwa anahesabu. Kila asubuhi alimtoa mnyama mmoja, akamtoboa mshipa wa sikio, akavuta damu kidogo kwa kibomba cha kioo, akaichanganya na maji yake ya dawa, akaidondosha kwenye kioo chenye mistari iliyogawa miraba midogo sana. Kisha aliinamia mikroskopi dirishani akihesabu chembe mraba kwa mraba, na kwa kila kiasi alichokifikia alihamisha punje moja ya mahindi toka bakuli hili kwenda bakuli lile. Siku moja Odile alizikaanga punje zile akampa mtoto. Okito aliyakuta mabakuli matupu. Alitoka nje akaokota mawe.

Mtoto huyo aliitwa Divine. Alikuwa binti yao wa pekee, mwenye maneno mengi kuliko umri wake, ameurithi ulimi wa mama. Yeye ndiye aliyewapa simbilisi majina, na aliye mnono kuliko wote alimwita Jenerali. Homa zilimpata, zikaondoka, zikarudi, na kila ziliporudi zilimkuta hana nguvu ya kupigana nazo. Viganja vyake vikawa vyeupe. Nyayo zikavimba. Maneno yakaanza kupungua, na hilo ndilo lililomtisha Odile kuliko uvimbe.

Alimtaka mumewe aihesabu na damu ya mtoto, kwa kuwa alikuwa hodari wa kuhesabu. Okito akamtoboa Divine kidole, akainama dirishani muda mrefu. Alipoinuka alianza kuosha kioo bila kumtazama mkewe.

"Damu yake iko chini," alisema.

"Chini ya nini?"

"Chini ya kawaida."

Kawaida ya mtoto wa mtu ilikuwa inajulikana, unaona. Hiyo haikuhitaji mikroskopi wala mahindi. Mama yake aliiona kwa viganja. Odile akamwambia kwa sauti ya chini, sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu siku ya posa:

"Baba Divine, nipe moja tu. Nipe ule Jenerali, nimupikie mutoto."

Okito akaeleza. Alieleza vizuri, Mungu amsamehe, alikuwa mwalimu mzuri. Alisema wanyama wote wameshatolewa damu mara mbili, imebaki mara ya tatu. Ukimtoa mmoja, tena yule mwenye afya kuliko wote, hesabu nzima inapinda na kazi ya miezi yote inakuwa bure. Alisema vita vitakwisha, dawa zitajaribiwa juu ya hesabu hii, na watoto wasiohesabika wa Maniema watapona kwa ajili yake. Alisema Divine atakuwa wa kwanza. Asubiri kidogo tu, duru ya tatu iishe, atachinja hata wawili.

Odile akasubiri. Hapo ndipo alipotii. Kisu kilikuwa mkononi mwake, mnyama alikuwa miguuni pake, mume alikuwa mtu mwembamba ambaye angeweza kumsukuma kwa kiwiko, na alisubiri, kwa sababu mke wa laborantini haharibu kazi ya laborantini. Alikwenda kwa Mama Muhindo akaomba, akapewa dagaa wa kushika kwa vidole, akawasaga kwenye uji. Divine aliulamba uji ule, akauliza kama Jenerali ameshakula. Duru ya tatu ilikuwa haijaisha walipomzika.

Labda simbilisi mmoja asingemponya. Watu wamemwambia Odile hivyo kwa miaka mingi, wakiwemo mapadri wawili, na yeye analijua hilo kuliko wao. Huwajibu kwamba hakuomba apewe uponyaji, aliomba mchuzi.

Okito akamaliza duru ya tatu. Tusimnyime haki yake: alihesabu huku machozi yakimdondokea kwenye koti, lakini alihesabu. Na matokeo yakawa ya ajabu. Simbilisi wa Ulaya, kwa mujibu wa vitabu, alikuwa na chembe nyekundu kama milioni tano katika tone dogo kuliko kichwa cha sindano. Wa Maniema walipita milioni sita, na wengine walikaribia saba. Mnyama baada ya mnyama, duru baada ya duru, ilikuwa vilevile.

Amani ilipopatikana, Dokta Soudi alirudi na tumbo lake, friji haikurudi. Alipoonyeshwa hesabu zile alipiga meza kwa furaha. Simbilisi wetu ana damu kuliko wao! Alilisema hilo redioni, alilisema mbele ya gavana, alilisema kanisani kwenye ibada ya shukrani, na watu wazima wenye akili zao wakapiga makofi kwamba nchi iliyotoka kuzika watoto wake ina simbilisi wenye damu nyingi. Jedwali likaandikwa kwa herufi za kupendeza, likatiwa fremu na kioo, likatundikwa ukutani: *Damu ya Kawaida ya Simbilisi wa Maniema*. Jina la Dokta Soudi lilikuwa juu. La Okito lilikuwa chini, kwa wino mwembamba, na Okito alikuwa akilifuta vumbi kila alipopita.

Odile akaajiriwa kulisha wanyama. Alikubali, na watu wakashangaa. Hawakujua kwamba alitaka kuwa karibu na fremu ile. Kila asubuhi aliingia, akaitazama, akaisonya, akaenda kukata majani. Lakini chini ya kusonya kule alikuwa na kitu kimoja alichokishikilia, na hakumwambia mtu: kwamba kazi imepatikana. Ni mbaya, ni ya laana, lakini ipo pale ukutani, na Divine yumo ndani yake. Kwa hilo aliweza kulala.

Miaka ikapita, zaidi ya ishirini. Okito akastaafu, akabaki na kikohozi na koti. Mradi fulani ukajenga nyumba mpya ya wanyama, ya saruji, yenye madirisha makubwa ya waya na hewa inayopita, na mwanamke kijana kutoka Bukavu, Arielle, akaletwa kuongoza maabara chini ya Dokta Soudi, ambaye alikuwa bado mkuu kwa sababu hakuna aliyekumbuka namna ya kumtoa. Arielle alivaa viatu vya raba na hakutoa hotuba. Odile alimdharau kwa wiki chache, kama ada, kisha akaacha.

Arielle alikuwa anajiandaa kujaribu dawa ya minyoo. Kabla ya kuwapa wanyama dawa yoyote akawapima damu, kisha akaenda ukutani kulinganisha. Wote walikuwa chini. Hapakuwa na hata mmoja aliyefika milioni sita. Walizunguka kwenye tano. Kwa jedwali lile, nyumba nzima ilikuwa na upungufu wa damu. Akarudia, yakawa yaleyale. Dokta Soudi akapata habari, akatokwa na jasho, kwa kuwa wageni wa mradi walikuwa njiani, akaamuru wanyama wote wauawe na wazikwe kwa chokaa kabla hawajaambukiza wengine. Okito akaitwa kama mwenye jedwali. Alikuja na koti lake limepigwa pasi, akainamia mikroskopi, akahesabu, akatikisa kichwa kama daktari wa mfalme, akasema ni wagonjwa.

"Wagonjwa gani wanazaa hivi?" aliuliza Odile kutoka mlangoni.

Arielle naye alikuwa anajiuliza hilohilo. Aliomba apewe muda kidogo kabla ya chokaa. Akaenda kwa Odile, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akamwuliza kwa heshima:

"Mama Divine, wale simbilisi wa wakati wa vita walikuwa wanalala wapi?"

"Kwangu mu jiko," Odile akasema, na alisema kwa fahari, maana hiyo ndiyo sehemu ya kazi iliyokuwa yake. "Karibu na moto. Mlango nilikuwa ninaufunga. Baridi haikuwapata hata siku moja."

Arielle akauliza kama kuna mtu mjini anayefuga hivyo hadi leo. Odile akampeleka kwa Mama Muhindo, mzee sasa, ambaye jiko lake lilikuwa jeusi hadi kwenye bati na simbilisi wake walikuwa palepale pembeni ya mafiga, kizazi cha wale wawili wa mbegu. Arielle akaazima wachache, akawabeba kwenye kikapu, akawapima mbele ya wote, Dokta Soudi akiwa amekaa na Okito akiwa amesimama.

Milioni sita. Sita na zaidi. Mmoja alikaribia saba. Walilingana na ukuta kana kwamba ukuta ulikuwa unawasubiri.

Akawaeleza kwa utaratibu, bila kumtazama Okito. Moshi wa kuni uliofungiwa ndani unaingia kwenye damu na kukaa mahali pa hewa safi. Mwili ukiona hewa haiutoshi, unatengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi ili kufidia. Wanyama wa saruji hawaumwi kitu; wao ndio wenye damu ya kawaida, sawa na ile ya kwenye vitabu. Waliohesabiwa wakati wa vita walikuwa wanakosa hewa. Jedwali lile ni la moshi.

Dokta Soudi alikohoa, akasema kwamba yeye binafsi siku zote alikuwa na wasiwasi na hesabu za Okito, akakumbuka ana mkutano. Akatoka. Hivyo ndivyo alivyoondoka na mara ya kwanza, ila safari hii hakuwa na friji.

Okito alisogea ukutani. Akaitoa fremu kwenye msumari, akaitazama, akapuliza vumbi lililokuwa juu ya kioo kwa mazoea, kisha akaiweka sakafuni, uso umeelekea ukuta. Shingo yake nyembamba ilikuwa imezama ndani ya kola ya koti.

Odile alikuwa bado anaifikiria kona ya ndani kabisa. Ni yeye aliyewachagulia. Ni yeye aliyefunga mlango na kuongeza kuni. Alikuwa amejivunia joto lile miaka yote, na joto lile ndilo lililoharibu kila punje ya mahindi na kila jiwe, tangu mnyama wa kwanza. Hesabu ambayo ingepindishwa na simbilisi mmoja aliyetiwa chungu ilikuwa imepinda tayari. Hapakuwa na kitu cha kuharibu. Divine hakuwa ukutani wala popote. Alinyimwa mchuzi kwa ajili ya moshi. Odile alitafuta kusonya na kusonya hakukuja.

Alisimama, akamwambia Arielle kwa sauti kavu kwamba anataka mnyama mmoja aende naye nyumbani. Arielle, binti mwenye adabu, aliona haya kweli. Akamshika Odile mkono.

"Unisamehe, mama. Tunaanza kuhesabu upya. Hata moja haiwezi kutoka sasa, hesabu itaharibika."

Hakujua alichokisema. Angejuaje? Lakini Okito alijua, na maneno yale yaliingia ndani yake mbele ya macho ya mkewe. Alivuka chumba haraka kuliko alivyotembea kwa miaka mingi, akafungua kizimba, akaingiza mkono, akatoa simbilisi mkubwa kuliko wote, mnono, anayepiga kelele. Akamshikilia kwa mikono miwili mbele ya Odile.

"Chukua, mama Divine."

Odile alimtazama mnyama, akamtazama mume, akalitazama koti.

"Sasa ndio unanipa," alisema.

Okito hakuishusha mikono. Simbilisi alikuwa akirusha miguu hewani.

"Mupelekee Divine," Odile alisema, akachukua gunia lake la majani, akatoka nje.